Mwalimu Aliyekagua Viganja

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni hapa Voi na karatasi ya mwalimu wa ushauri, aandike kazi tatu anazozipenda. Nilicheka hadi chai ikanipalia, kisha nikakasirika. Sisi watoto wa kijiji cha Mghange, kule milimani, hatukuulizwa tunapenda nini. Tulikaguliwa viganja.

Ilikuwa miaka ya hamsini, karibu na mtihani wa darasa la nne, asubuhi yenye ile baridi ya milimani inayomfanya mtu asitake kutoka jikoni. Tumeshiba kimanga, yaani mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, tukapangwa mstari uwanjani. Mwalimu mkuu alipita akishika mkono mmoja mmoja. Kiganja laini, ukarani. Kigumu, shamba. Alichoandika kwenye daftari lake ndicho kilichoamua nani atafanya mtihani. Na viganja laini walikuwa navyo kina nani? Watoto wake, na wa mwenye duka.

Mimi nilibeba kuni na maji tangu nijue kutembea. Aliugusa mkono wangu mara moja tu, akasema, "Wewe kaa nyumbani, usaidie mama yako." Nikamwambia nataka kuwa dresa, nifunge watu vidonda dispensari. Wenzangu wakacheka. Nikarudia kwa sauti zaidi, nikachapwa.

Nyumbani bibi yangu hakunibembeleza. Kwetu iliaminika kwamba hasira isiyotolewa moyoni huwaletea watu maradhi, hata mtoto asiye na kosa. Mwenye hasira huisema waziwazi, kisha hupuliza maji kutoka kinywani akitamka baraka, ndipo moyo unakuwa mweupe. Kesho yake bibi alibeba kibuyu cha maji, akaketi mlangoni pa ofisi.

"Mwalimu, mimi niko na hasira na wewe," alisema. "Sitaitoa mpaka huyu mtoto afanye mtihani."

Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa, na kila Jumapili aliyakemea mambo hayo. Akajifanya anasahihisha madaftari. Lakini kitinda mimba wake alikuwa na homa siku ya tatu, na habari za kibuyu zilikwisha kumfikia mkewe. Kabla ya saa sita mama yule alifika na mtoto mgongoni, akasimama kando ya bibi. Mwalimu akawatazama wote wawili, akafungua daftari, akaandika jina langu. Hapo bibi akajaza maji kinywani, akayapuliza, akamtakia mtoto heri.

Nilifanya mtihani, nikapita, na vidonda nilivifunga miaka thelathini kwa viganja hivi hivi. Watu husema bibi alimtisha mwalimu. Alimtisha, ndiyo, na alifanya vizuri.

Bibi hayupo tena, na siku hizi hakuna anayepuliza maji. Watu huficha hasira zao na kuamkiana kwa tabasamu. Lakini katika mstari ule, nyuma yangu, walisimama wasichana wengine wenye viganja vigumu, wenye akili kunishinda, na hakuna aliyekwenda kuwakalia mlangoni. Waliishia kubeba kuni. Kwa ajili yao nina hasira na mwalimu yule hadi leo, naisema waziwazi, na maji sipulizi.