Namba ya Kushuka Mteremko

Katika mchezo wetu hakuna kazi ngumu kama kuweka namba. Mchezaji anasema, "Naruka mto." Msimulizi anamjibu, "Haya, tupa dadu, upate kumi na mbili au zaidi." Ukiweka namba ndogo, mto unakuwa mfereji na watu wanapiga miayo. Ukiweka kubwa mno wanakununia, na wana haki. Mimi ni mwalimu wa hisabati, Biharamulo, na kununiwa kwa sababu ya hesabu mbovu sikuwezi.

Mchezo niliujulia chuoni, nikawafundisha watu wawili tu: kaka yangu, dereva wa lori la kwenda Rusumo mpakani, na mke wake, anayewapikia madereva wali na maharage hapa Lusahunga. Jumapili ambazo lori limepumzika, baada ya misa, tunakaa barazani kwao. Mimi nasimulia habari za wachukuzi wanaovuka pori lenye majambazi, wao wanasema wachukuzi wao wanafanya nini, na dadu inaamua. Tunayo moja tu, ya pande ishirini, imechakaa hadi rangi ya namba ikafutika ikabaki michoro iliyochimbwa kwenye plastiki.

Kaka alikuwa na namna yake ya kutupa. Dadu ikishatulia anaiinua, anaupapasa upande wa juu kwa kidole gumba, ndipo anatangaza. "Kumi na nne!" Wifi yangu humcheka: "Unaibariki au unaikanda?" Mimi niliona ni mbwembwe za madereva, nikaziacha.

Nina sheria moja ambayo sibishani nayo. Kama kushindwa kutamaliza hadithi, dadu haitupwi. Mtu akitaka kupita juu ya gogo, na chini yake hakuna kitu isipokuwa kifo, simpi namba. Namtafutia njia nyingine. Kaka hakuipenda. "Barabarani hakuna msimulizi, mwalimu," alikuwa akiniambia.

Siku moja nikaona tunajitesa bure na zile namba zisizosomeka. Nikaijaza michoro kwa wino mweupe wa kusahihishia, ukakauka, nikausawazisha kwa wembe hadi dadu ikawa laini. Namba ziling'aa. Wifi alipiga vigelegele. Kaka aliizungusha ile dadu mkononi, akasema ni nzuri, akairudisha mezani.

Kuanzia hapo akaanza kuiba. Dadu inaonyesha nne kwa macho yangu, yeye anatangaza kumi na sita. Mara ya kwanza nilimezea. Mara ya pili nilipandwa na hasira, maana mke wake anacheza kwa haki na mchukuzi wake kila siku anachechemea. Nikaamua kusawazisha kimya kimya. Kwa wifi nikaweka kumi, kwa kaka kumi na saba, kwa kichaka kilekile. Haikusaidia kitu, kaka akatangaza kumi na nane na kucheka.

Kisha akajiibia mwenyewe. Mchukuzi wake alirushiwa mkuki, nami nikamwekea nane. Dadu ikaangukia ishirini, namba ambayo hapa barazani hushangiliwa kama goli. Wifi alikuwa jikoni anageuza maharage. Kaka akaipapasa, akaipapasa tena, uso umemkunjamana. "Mbili," alisema. "Basi, nimechomwa."

Mwizi gani anajiibia? Niliichukua dadu nikaitia mfukoni, nikamtazama anavyokitafuta kikombe chake cha chai, kiganja kikitambaa juu ya meza. Nilijiuliza tangu lini amekuwa akikitafuta hivyo.

Nilimvuta hadi nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nikaitoa dadu nikaishika mbele ya macho yake.

"Kaka, hii ni ngapi?"

Alinyoosha kidole gumba. Nikarudisha mkono wangu. Huko barabarani lori lilikuwa likipiga honi, na yeye akageuza kichwa kulisikiliza.

"Ni kama kuangalia kupitia glasi yenye pombe ya rubisi," alisema mwishowe. "Tangu masika."

"Na kupimwa macho kwa ajili ya leseni?"

"Ule ubao wa herufi niliukariri zamani."

"Wifi anajua?"

"Ukimwambia umeniua, mdogo wangu. Kazi nyingine siijui. Na barabara naijua. Nafuata taa za mwenzangu wa mbele. Mteremko wa kwenda Rusumo naujua kwa tumbo." Kisha akacheka, kicheko kibaya. "Wewe si ndiye fundi wa namba? Niwekee. Dereva, mzigo wa saruji, mteremko. Ngapi?"

Mungu anisamehe, nilianza kupiga hesabu. Akili yangu ilikwenda huko yenyewe: mvua kiasi gani, breki za namna gani, nani anapanda kutoka upande wa pili. Nikaona basi limejaa watu.

"Hiyo haitupwi," nilimwambia.

"Basi nitaitupa mimi," alisema, akaingia ndani kuchukua ufunguo wa lori, maana mzigo ulikuwa wa kuondoka siku hiyohiyo.

Kwetu kijijini Kirushya, msafiri akishageuka haitwi kwa nyuma. Mama akisahau kumpa mtu chakula cha njiani alikuwa akituma mmoja wetu azungukie migombani, amtokee mbele. Kumwita kwa nyuma ni kumtilia mkosi, na kaka anaiamini desturi hiyo kuliko breki zake. Aliaga. Wifi alisimama mlangoni na beseni la maharage. Mimi nilikuwa uani, hatua chache kutoka kwenye kamba ya nguo alikoanika wifi kitenge chake chekundu. Kaka akageuka, akaanza kwenda barabarani. Ningeweza kuzunguka, lakini niliita palepale.

"Kaka!"

"Wifi!" mke wake alishtuka. "Unamwita nyuma?"

Alisimama. Akarudi kwa hasira, ufunguo mkononi, jua la mchana likimwangaza usoni.

"Umeshaniharibia safari," alisema. "Haya, unasemaje?"

Alikuwa anakisemesha kitenge. Mimi nilikuwa pembeni, nimevaa gauni langu jeupe la misa. Alisubiri jibu. Upepo ukakipeperusha, naye akasogea kidogo akakipisha, kama mtu anayemkwepa dada yake aliyekasirika.

Wifi yangu alinitazama mimi, akakitazama kitenge, akaliweka beseni chini.

"Baba," alimwita taratibu, "mimi nimesimama wapi?"

Kaka aligeuza kichwa kuitafuta sauti. Mke wake akamwendea, akamfungua vidole kimoja kimoja hadi ufunguo ukatoka.