Vitambaa vya Shangazi

Juzi muuza friji mjini Busia alimwonyesha shangazi matundu ya kupuliza baridi. "Mama, hapa usizibe. Baridi lazima ishuke mpaka chini." Papo hapo nikasikia tena harufu ya samaki, ngege waliooza.

Friji yake ya kwanza, nikiwa mtoto, shangazi aliivisha kama sebule: kila rafu kitambaa kizito cha kufuma, kutoka mlangoni hadi nyuma. Alasiri moja aliifungua, na harufu ikatufukuza jikoni. Juu maziwa yalikuwa jiwe la barafu. Chini ngege kutoka ufuo wa Osieko walivuja maji ya kijivu. Akamgeukia mama yangu, aliyewapanga samaki humo.

"Wewe mkono yako iko na joto! Kila kitu unashika inaoza! Toka kwangu!"

Njiani nilishika vidole vya mama. Vilikuwa baridi. Nikadhani joto limejificha ndani, nikaviachia.

Kumbe baridi ilifungiwa juu na urembo wa shangazi! Lakini maneno yake yalizunguka kwetu Bukhayo nzima, na mama hakuitwa tena kupika kwenye matanga ya mtu, hadi akazikwa yeye.

Muuzaji alipomaliza, shangazi alipapasa rafu, akaniuliza, "Na vitambaa zangu zitatoshea hapa?"