Njia ya Kwenda kwenye Ripoti

Fundi wa kompyuta hagusi kibodi ya mtu kabla hajajifuta vidole kwenye suruali, na hamwachi mtu bila kumpa somo. Leo zamu ya karani, aliyenakili kwenye flashi kile kialama cha ripoti cha kwenye skrini, ripoti yenyewe akaiacha.

“Dada, hii ni njia tu. Kompyuta nyingine haiijui, na faili likihama, imekufa. Beba kitu chenyewe!”

Simu ya fundi ikaita. Karani aliisikia waziwazi sauti ya mke wa fundi.

“Baba watoto, nalowa mlangoni! Chini ya chungu cha maua hakuna ufunguo, kuna kikaratasi chako: ufunguo uko kwa jirani.”

“Si uende kwa jirani?”

“Jirani si alihama jana, ukambebea kabati?”

Fundi akajifuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja, ingawa safari hii hakugusa kibodi yoyote.