Nilipomfutia Mama Njeri Hadithi Zake

Wewe, umewahi kumwonea mtu wivu mpaka kidole kikaitangulia akili? Mimi ndiyo. Kaa nikusimulie.

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Akalla, huku Uswidi, nilikuwa ningali kijana wa miaka hamsini. Usicheke, mwanangu, kwa wivu nilikuwa binti mdogo kabisa. Mimi na Mama Njeri, Mkenya wa kanisani kwetu, tulikuwa tunafundisha watoto Kiswahili. Masomo tuliyaweka kwenye kompyuta, ndani ya programu ya darasa: unasema hadithi kwenye maikrofoni, inabaki humo, mtoto anabonyeza anasikiliza.

Basi watoto walibonyeza za nani? Za Njeri. Kila wiki za Njeri. Ana sauti laini kama ya redio, na zake zilikaa juu, zangu za kwetu Bukavu zikakaa chini kama viatu mlangoni. Hata mjukuu wangu mwenyewe, Neema, alivaa vile vya masikioni akawa anacheka peke yake. Nikamwuliza anasikiliza nini. Akanijibu kwa Kiswidi, hata hakugeuka, kwamba ni sungura wa Mama Njeri. Moyo ulinichacha kama maziwa.

Nikasema, leo nazificha. Jumamosi moja tu, na mimi wanisikie. Nikafika mapema. Sasa sikia ubaya wa ile programu. Shule nilisoma miaka mitatu, hicho Kiswidi nilikuwa nakifuata kwa picha. Pembeni ya jina la kila mwalimu kulikuwa na vipicha vidogo kama punje za ulezi, vimebanana: jicho la kuficha, ndoo ya takataka ya kufuta. Nikalenga jicho, nikapata ndoo. Haikuniuliza chochote. Kazi ya Njeri ya mwaka mzima ikaenda, na mahali pa kuirudisha hapakuwepo.

Alipokuja akatafuta, akatafuta. "Dada, hadithi zangu ziko wapi?"

"Labda ulibonyeza vibaya," nikamwambia. Mimi huyu huyu.

Akaamini. Akaviangalia vidole vyake. "Mimi na mashine hizi hatuwezani. Naacha kufundisha, wewe endelea."

Watoto wote wakawa wangu, si ndiyo nilitaka? Lakini nikasikia viatu vyake vya theluji vinashuka ngazi, nikashindwa. Nikamkimbilia mpaka stesheni.

"Ni mimi nilizifuta. Nilikuwa na wivu."

Treni yake ikafika, akaiacha iondoke. "Wivu wa nini, mama mzima? Wa sungura?"

"Wa sungura."

"Basi tunazisema upya zote. Sungura ni mimi. Wewe ni fisi, na ulie vizuri."

Nikalia kama fisi majira yote ya baridi.

Leo Neema anasomea kutengeneza programu za shule. Niliyomwambia yeye nakuambia na wewe: wivu ukikushika, usiguse kitu cha mwenzako. Ukishaharibu, sema siku hiyo hiyo, usimwache mwenzio ajilaumu. Na nyinyi mnaotengeneza hivyo vya kubonyeza, mtukumbuke wenye vidole vinene na mioyo midogo. Tengeni jicho mbali na ndoo, na mtuulize kwanza. Mungu akupe mikono ya upole, na rafiki mwepesi wa kusamehe.

Neema alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanijibu mimi bibi yake kwa Kiswahili, polepole: "Nakuahidi, Koko. Kwenye programu zangu mimi, mtu akifuta kitu, kitakaa pembeni mwezi mzima kinamngoja ajute."