Shimo la Miwani

Mnanichosha na hadithi zenu za mizimu. Kila wiki mnanitumia nyumba mbovu, mlango unalia, basi. Mzimu ninaoujua mimi ulikaa ofisini, mchana kweupe, feni inazunguka.

Shangazi yangu anachunguza kwasa. Usikunje uso: ni shimo jeusi kwenye galaksi ya mbali mno, linameza gesi, na gesi hiyo inawaka mpaka inatoa eksirei. Yeye anazipanga eksirei kwenye grafu, dhaifu huku, kali kule. Alifanya kazi hiyo na mumewe, tuliyemwita Miwani, meza kwa meza. Miwani ndiye aliyeona grafu ya kwasa moja imebonyea pale kwenye eksirei za chuma. Akasema ni upepo wenye chuma unaovuma kutoka kule na kuzimeza eksirei hizo. Wenzao wakapaita pale palipobonyea Shimo la Miwani. Akafa anajulikana kwa hilo tu. Sweta lake bado liko kitini.

Mwaka huu zikaja data mpya za kwasa ile. Shimo hakuna.

"Darubini yenu mbovu," nikamwambia shangazi.

"Hebu nyamaza. Darubini nzima kuliko wewe."

Akafungua faili la zamani la Miwani. Kila picha inaingiliwa na mwanga wa anga lenyewe, kwa hiyo unachora duara pembeni, mahali patupu, unaupima mwanga ule, kisha unautoa kwenye kwasa. Duara la Miwani bado lilikuwepo, la kijani, limelala upande kama alivyozoea kuyachora. Ila mahali penyewe hapakuwa patupu. Palikuwa na kitu hafifu kinachong'aa kwa eksirei za chuma. Bila kujua, Miwani alikitoa chuma cha jirani kwenye kwasa yake, ndipo likabaki shimo.

"Ananipumulia begani," shangazi akasema bila kugeuka. "Ile pua yake ya kuziba. Unaisikia?"

Mimi nilikuwa mlangoni. Niliisikia.

"Si uliache tu, shangazi? Jina lake lote liko hapo. Nani atajua?"

"Yeye anajua. Unafikiri amekuja kufanya nini?"

Akalisogeza duara. Grafu ikanyooka. Pumzi ikakatika, na shangazi akakaa akiisubiri irudi mpaka nikamshika mkono.

Masahihisho yametoka jaridani, yana majina yao wote wawili. Sasa nyinyi mnaomwandikia kwamba kamuua mumewe mara ya pili, tafadhali acheni. Ameshajiambia.