Mkono wa Kushoto wa Anko

Ndege ilikuwa bado inaning'inia kwenye dari, juu ya friji, pua ikielekea mlango wa jikoni. Niliporudi Nairobi safari hii, baada ya miaka ya kuhamahama Nakuru, Malindi, Juba na miji mingine ambayo sikukaa hata nikazoea maji yake, hiyo ndiyo niliyoitafuta kwa macho nilipoingia nyumbani kwa anko. Baadaye ndipo nikamtazama anko mwenyewe.

"Umekuja kuniona mimi ama ndege?" akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Nyote wawili, anko."

"Mwongo. Mtalii wewe."

Anko ni mdogo wake marehemu baba. Alifanya kazi katika karakana ya reli mpaka akastaafu, na katika nyumba hii ya Eastlands ndiko nilikolala karibu kila likizo ya shule. Kiharusi kilimpata nikiwa mbali. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi pamoja na dhihaka zake zote, lakini mkono wa kushoto ulibaki umelala pajani kama mgeni ambaye hajasema ataondoka lini.

Ndege ile aliijenga mwenyewe kwa balsa, mbao nyepesi ambayo ukiikata kwa wembe inatoa sauti ya mkate mkavu. Ni ndege ya rimoti, mabawa yake marefu kuliko mikono yangu miwili nikiinyoosha, na iliundwa kwa ajili ya michezo ya angani: kuchora duara, kuruka chali, kujiviringisha. Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tukienda uwanjani. Mimi nilishika mkia, injini ikanguruma, na moshi wenye harufu ya mafuta ya nyonyo ukanipiga usoni. Hadi leo nikisikia harufu hiyo popote, hata kwenye saluni, nageuka kutafuta ndege. Kushika mkia niliruhusiwa. Rimoti, hapana. "Rimoti si baiskeli," alikuwa akisema. "Haiazimwi."

Watu wengi wanaweza kuizungusha ndege haraka, ikajipindua kama samaki na kurudi sawa kabla haijajua. Mchezo wa anko ulikuwa kuizungusha polepole. Ilianza kulala ubavu upande mmoja wa uwanja, ikapita chali mbele yetu, na ikasimama sawa ikiwa imefika upande wa pili, na muda wote huo pua haikushuka hata kidogo. Watu waliifuata kwa macho ilipopita. Nami niliifuata, ingawa nilikuwa nimeshaiona mara nyingi.

Siku ya tatu ya kukaa kwangu aliniambia alichotaka.

"Iteremshe. Uitengeneze. Nataka kuizungusha mara moja tu, polepole. Na usiniambie utanizungushia wewe. Nataka kuizungusha mimi."

Mama mdogo, mke wa anko, ambaye mtaani kila mtu humwita Anti, alikuwa anachambua mchele. "Mwambie, mwanangu. Mimi nimechoka kumwambia. Mkono huo hata kikombe hauinui."

"Nani ameuliza kikombe?" anko akajibu.

Tatizo lilikuwa kubwa kuliko kikombe. Rimoti ina vijiti viwili, kimoja kwa kila kidole gumba, na kila kijiti kina kazi mbili. Kuna shule mbili za kuvigawa. Katika shule ya anko, kijiti cha kulia kinaongeza mafuta na kulaza mabawa, na cha kushoto kinainua na kushusha pua na kupeleka mkia huku na huku. Kwa hiyo kazi yote ya kuizuia ndege isianguke inapojiviringisha iko mkono wa kushoto. Ule uliolala.

Mimi nilijifunza kurusha nikiwa nimeshamaliza sekondari, kwa rafiki niliyefanya naye kazi Nakuru, na yeye alikuwa wa shule ya pili. Kwake mafuta yako kushoto, na pua iko kulia. Nilipomwambia anko tubadilishe rimoti iwe kama yangu, ili mkono wake mzima ubebe mzigo, alijaribu mezani mchana mzima, injini ikiwa imezimwa. Nikisema "pua inashuka", kidole chake cha kulia hakikutikisika. Ni bega la kushoto lililoruka. Jasho lilimtoka. Mwisho aliisukuma rimoti kando.

"Mkono hausomi maelezo," alisema. "Mkono unajua inachojua damu."

 Anti akaweka chakula katikati ya meza, sahani moja kubwa ya ugali na samaki, akatuangalia.

"Basi yeye akushikie upande huo wa kushoto," akasema. "Si mnakula sahani moja?"

Alisema kwa utani. Sisi tuliacha kula.

Kuifufua ndege kulichukua wiki nyingi kuliko nilivyozoea kukaa mahali. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kiwiliwili na kutafuna mbavu mbili za bawa. Injini ilikuwa imeganda, mafuta ya nyonyo yamegeuka gundi. Tuliilaza ndani ya mafuta ya taa, kisha anko akaipasha moto taratibu karibu na jiko, akiipapasa kama mtu anayepima homa ya mtoto, mpaka siku moja ikazunguka na kutoa pumzi. Mpira wa magurudumu ulikuwa umepasuka. Sokoni Kariokor, kwa watengenezaji wa viatu vya akala, nilikatiwa mwingine kutoka tairi kuukuu. Fundi mmoja wa Industrial Area alituchongea kipande cha chuma cha kushikia injini. Mbao nilizishika mimi, anko akapiga msasa kwa mkono wa kulia. Mwanzoni tuligombana. Aliposukuma nilivuta, niliposhika vizuri alitaka nigeuze. Baadaye nikaona nageuza kabla hajasema.

Kariokor hiyo hiyo nilishonewa mkanda mpana wa ngozi. Rimoti tuliifunga juu ya ubao, ubao ukaning'inia kwenye shingo ya anko, mimi nikasimama ubavuni kwake. Tulifanya mazoezi sebuleni, macho yetu yakiwa kwenye kalenda ya ukutani. Yeye alilaza mabawa na kuita, mimi nikafuata.

"Mkia kushoto. Sasa sukuma, iko chali. Sukuma, usiogope, inataka kuangukia mgongo. Mkia kulia. Achia. Imesimama."

Anti alipita na ndoo. "Imesimama wapi? Mimi naona kalenda."

Jumamosi tuliyochagua, tulienda mbele ya Njiru, kando ya Kangundo Road, kwenye kiwanja ambacho wenzetu wachache wa mchezo huu wana ruhusa ya kurushia ndege. Wao wana ndege za sponji ngumu zinazotumia betri, safi, hazitoi hata moshi. Walipoona yetu ikitolewa mkiani mwa pikapu, walikuja mmoja mmoja.

"Mazee, hii ni ya makumbusho!"

"Inakunywa mafuta kweli? Kama gari?"

Walipoona ubao na mkanda, mwenye kofia nyekundu akacheka mpaka akainama. "Watu wawili, rimoti moja! Hiyo si ndege, hiyo ni ndoa."

"Ndoa naijua," Anti akajibu kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, mwavuli mkononi. "Hapo lazima mmoja anyamaze."

Injini iliwaka. Harufu ikaja. Anko akaongeza mafuta, mimi nikanyoosha mkia, ndege ikakimbia kwenye nyasi, nikavuta kidogo, na ikaacha ardhi.  Tulizunguka kiwanja, yeye akilaza mabawa kwenye kona, mimi nikiinua pua, na nilianza kuamini.

Kisha, ndege ikipita kimo kifupi juu ya shamba la mahindi, injini ikakohoa.

Mtu yeyote wa shule yangu angefanya nilichofanya. Injini ikikohoa, kidole cha kushoto kinasukuma mbele, kuongeza mafuta. Nikasukuma. Lakini kwa rimoti ya anko, kusukuma kushoto ni kuishusha pua. Ndege iliinama kama iliyoitwa kutoka ndani ya mahindi.

"Vuta! Vuta!"

Nikavuta. Magurudumu yalipita kwenye vichwa vya mahindi, tukasikia majani yakichanika, na ndege ikatoka upande wa pili. Anko akapunguza mafuta, injini ikapata pumzi, tukaileta chini. Ilitua kwa kuruka-ruka. Waya ulioshika gurudumu ulipinda.

Hakuna aliyecheka. Niliiokota ndege, bua la mhindi limening'inia kwenye waya, na nilitamani niwe kwenye basi la kwenda popote.

"Anko, turudi nyumbani. Nitaivunja."

"Nini kilikupata?"

"Mkono ulifikiri unaongeza mafuta."

Alinitazama, halafu akacheka, kile kicheko chake cha upande mmoja wa mdomo. "Mkono wako ulikwenda kwao. Hata wangu ungekwenda." Akatoa koleo mfukoni. "Nyoosha waya. Na ufungue kidogo sindano inayopitisha mafuta, injini ina kiu."

Nilinyoosha. Nilipomaliza na kusimama tena ubavuni kwake, hakuniambia niwashe. Kwa mkono wake wa kulia aliunyanyua wa kushoto kutoka ulipokuwa umelala, akaubeba kama unavyobeba kifaranga, na akauweka juu ya wangu, kidole chake gumba juu ya changu.

"Hauwezi kusukuma springi ya kijiti," nikasema.

"Springi sukuma wewe. Huu utakaa hapo tu, wako usije ukapotea njia."

Mkono ulikuwa baridi na mzito. Tulipaa. Injini safari hii iliimba sauti moja. Tukaenda juu, mbali na mahindi, tukageuka, tukaja na upepo kutoka upande wa Njiru.

"Sasa," akasema.

Mabawa yalianza kulala. Nilingoja aite, kama sebuleni. Hakuita. Nilisikia kitu kwenye kidole changu, kidogo, kama mtu anayekugusa kanisani ili usogee. Kushoto. Nikapeleka mkia kushoto. Ndege ililala ubavu, pua juu. Ikaendelea kugeuka, tumbo likaelekea jua, na kidole chake kikagusa tena: mbele. Nikasukuma, kile kile nilichokosea dakika chache zilizopita, na sasa ndicho kilichokuwa kinaishikilia angani ikiwa chali, mbele yetu, polepole mno, injini ikisikika hata kwenye mifupa ya kifua. Kulia. Mkia ukaenda kulia. Achia.

Ilisimama sawa upande wa pili wa kiwanja. Pua haikushuka.

 Sikuweza kumtazama anko, kwa sababu ukiangalia kando ndege inakukimbia, lakini nilisikia pumzi yake karibu na sikio langu. Tuliizungusha tena, na tena, mpaka mafuta yakakaribia kwisha, na kila mara kidole kilisema kabla ya mdomo.

Tulipotua na injini kuzima, mkono wake haukuondoka. Hakuuondoa, nami sikuusogeza.

Anti alikuja akikunja mwavuli. Alikuwa ameona, maana alisimama akiuangalia ule mkono kwa muda, akafuta jicho kwa kona ya leso, kisha akarudisha uso wake wa kila siku.

"Kumbe unafanya kazi. Kesho utamenya viazi."

"Viazi vimenywe na huu mwingine," anko akasema. "Huu ni wa ndege."