Kichupa Kilichosuguliwa

Mama Pasi alikuwa amefua nguo za watu miaka ishirini na sita, na doa la kumshinda lilikuwa halijazaliwa. Kwa hiyo damu ilipomrudia, miaka miwili baada ya kukoma hedhi, alifua kimya kimya, akaanika nyuma ya mlango, asimwambie mtu. Aliyegundua ni wifi yake, dada wa mumewe.

"Wifi, mficha maradhi kifo humuumbua. Vaa viatu twende."

Hospitalini daktari alimchukua kinyama kidogo kutoka ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Kikipimwa, alisema, ndipo watajua kama ni saratani au jambo dogo. Nesi akakitia kwenye kichupa chenye dawa, akaandika jina ubavuni kwa kalamu, akampa akipeleke maabara, jengo la pili.

Njiani Mama Pasi akaona wino umechirizika kwa dawa iliyomwagikia ubavuni. Mkono wa dobi hauna subira. Akatoa kitambaa, akakisugua kichupa mpaka kikang'aa.

Mpokeaji wa maabara alikigeuza, akakigeuza tena. "Mama, jina liko wapi? Kisicho na jina hatupokei."

"Amelifua!" Wifi akashika kiuno. "Huyu ukimwachia mtoto mchanga, atamsugua mpaka alama ya kuzaliwa!"

Mama Pasi hakucheka. Kule chumbani kwa daktari alikuwa ameuma meno mpaka taya zikamuuma. Arudie tena?

"Kaa hapo. Usikifungue, usikiachie," mpokeaji alisema, akampigia nesi simu. Nesi akaja na daftari lake. Asubuhi ile alikuwa ametoa kichupa kimoja tu, na namba iliyochongwa kitakoni ilikuwa ile ile ya daftarini. Akaandika jina upya, akatia sahihi.

"Mama, hiki si shati," alisema.

Siku kumi zilizofuata Mama Pasi hakutulia. Nguo za wateja, pamoja na mashuka ya nyumba ya wageni, zilikuwa tayari siku mbili kabla ya wakati, hata soksi zimepigwa pasi.

Siku ya majibu daktari alisoma karatasi taratibu. "Hakuna saratani. Kuna kijinyama kimeota ndani, ndicho kinachotoa damu. Tutakiondoa."

Wifi akapiga kigelegele. Nesi akachungulia mlangoni. "Jamani, hapa kuna wagonjwa!"

"Hata sisi ni wagonjwa, mwanangu," wifi alijibu. "Ila leo tumepata nafuu."

"Alhamisi hii au mwezi ujao?" daktari akauliza.

"Alhamisi," Mama Pasi alijibu bila kufikiri, kisha akamgeukia wifi yake. "Mashuka ya nyumba ya wageni utafua wewe."

"Yote? Daktari, hebu nipime na mimi!"